Kukata Paa

Mwepu alisema: paa si kofia.
Ukilivua hivi hivi gari litakunjika katikati
kama godoro la sponji, na milango haitafungika tena.

Kwa hiyo wiki mbili hatukukata kitu.
Tulilala chali chini ya Selika ya patroni Kyalwe
tukilehemu chuma juu ya chuma,
mabomba ya mgodini, mazito, ya kununuliwa kwa kilo
nyuma ya soko la Kenya.
Mwenyewe alifika kila jioni na viatu vyake vyeupe:
Bado tu?
Bado.

Jumamosi umeme ulirudi saa nane usiku.
Diski ikalia, mbwa wa Katuba nzima wakaitikia,
cheche zikarukia beseni la nguo za Mama Feza.
Nguzo ya kwanza. Ya pili.
Kwenye ya nne Mwepu alifumba macho.

Paa likatoka jepesi mno, tukaona haya.
Kioo cha mbele kikabaki kimesimama peke yake
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nikafungua mlango. Nikaufunga.
Ta!
Nikaufungua tena, kwa raha ya kuusikia tu.

Kyalwe aliondoka nalo kuelekea barabara ya Likasi,
vumbi jekundu la Septemba likamvisha shati jingine.
Habari ya mvua hakuuliza. Nasi hatukumwambia.

Paa lipo kwetu, juu ya choo.
Oktoba hii, usiku, matone yakilipiga,
nachuchumaa humo, mkavu,
namfikiria.