Kiini

Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge,
Bi. Mwajabu anaweka mezani kompyuta mpakato
na trei moja ya mayai, kwa pamoja,
kama mtu aliyekuja kubadilishana.
"Nikiiwasha alfajiri naenda sokoni Ilala,
nauza trei nne, narudi, bado inazunguka."

Naipindua. Feni imejaa pumba za kuku.
Ramu giga mbili. Diski inagonga
kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Ngwitika, mwanafunzi wangu, anataka aipe Ubuntu nzima,
na vivuli vyake, na madirisha yanayofifia taratibu.
"Mteja apewe kitu kamili, siyo makombo."
Mimi mfukoni nina flashi nyingine, Lubuntu,
mdogo wake yule,
aliyehama kwao na kanga mbili tu.

Tukazijaribu zote. Ya kwanza ilimaliza ramu
kabla hatujafungua hata daftari la mauzo.
Feni ikalia. Ngwitika akanyamaza.
Ya pili ikafunguka chai yangu ingali moto.

Lakini Bi. Mwajabu ana jicho.
Aliona nimeandika amri ileile mara mbili,
herufi chache nyeupe juu ya weusi,
na jibu likatoka lilelile:
tano, nukta, kumi na tano.
"Hiyo nini?"
Kiini, nikasema.
Akacheka mpaka akashika meza.
"Basi hapo umeingia dukani kwangu!

Wateja hupima yai kwa macho.
La kisasa linajaza kiganja, wanalisifia.
La kienyeji, dogo, wanaligeuzageuza.
Miaka kumi na tisa navunja mayai, mwanangu:
ukubwa ule mwingi ni ute."

Nilikuwa na maelezo marefu,
huduma zinazojiwasha bila kuitwa,
mapambo ya mezani, na kadhalika.
Nikayameza.

Kabla hajaondoka nikasasisha.
Kiini kipya kikaingia, waifai ikafa papo hapo;
kadi yake kuukuu na kile kigeni hawakuelewana.
Nikazima, nikawasha, nikashuka kwenye orodha:
cha zamani kilikuwepo bado, chini, kimya,
hakuna aliyekitupa.
Nikakichagua. Kataa ka buluu kakawaka.

"Usikifute hicho," akasema, akifunga mkoba.
"Na huyo mpya, umsikilizie kwanza.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Akalipa nusu kwa fedha, nusu kwa trei.

Jioni umeme ulikatika mtaa mzima.
Ngwitika akawasha jiko la gesi,
akavunja yai la kwanza kwenye kikaango:
viini viwili.
Akaniuliza kipi ndicho cha zamani.
Mafuta yalikuwa yameshapata moto.