Mfano wa Kumi na Saba, b

Nyumba imeingia maji.
Maneno matatu, nukta moja.
Nimeishi ndani ya sentensi hii miaka kumi na minne:
imenipa shahada, imenipa ofisi Maseno
yenye dirisha linalotazama jenereta,
imenipeleka Ulaya mara mbili na koti la kuazima.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi, nikaifanya nzito.
Maji ndiyo yaendayo, nyumba imetulia;
mbona basi kitenzi kinaitii nyumba,
mbona i- na si ya-?
Nikachora mti, mizizi juu, matawi chini,
mti ambao mbuzi yeyote wa Bunyore angeupita bila kugeuka,
nikaipandisha nyumba tawi kwa tawi
hadi ikakalia kiti cha kiima.
Wenzetu wa semantiki wakaja na mizani yao:
sentensi hii ni kweli ikiwa, na ikiwa tu,
nyumba imeingia maji.
Tukapigiana makofi.

Mhakiki mmoja, asiye na jina, aliuliza
kama msemaji ni mzawa wa lugha, wa Pwani hasa.
Nikamjibu kwa tanbihi. Tanbihi ya sita:
"Mwanamke, miaka hamsini hivi, Kano."

Jina lake Dorsila Abonyo. Sikuliandika.
Nilimkuta katika darasa la nne, ng'ambo ya Ahero,
Nyando imevunja kingo usiku wa kuamkia Jumanne,
madawati yamepangwa yakawa vitanda,
yeye juu ya gunia la mpunga uliokwisha kuota,
kuku mapajani, kafungwa mguu kwa uzi wa katani.
Nikamwambia: sema lolote, Mama, nakusanya sentensi.
Akanitazama kama mtu anayekusanya sentensi.
Akasema. Nikamshukuru. Nikampa soda.

Juzi Okumba, mwanafunzi wangu,
masikio yake hayajafundishwa bado la kusikia,
alikuwa akihamisha kanda kuukuu kwenye kompyuta.
"Mwalimu, hebu hapa. Baada ya maji."
Mvua juu ya mabati. Kuku. Mtoto anakohoa.
Nyumba imeingia maji,
na kitu. Pumzi, au tone, au silabi.
Tukarudia. Tukarudia tena. Mara ishirini na moja.
Maji, nasikia mimi.
Majini, anasikia yeye.

Ni.
Kiambishi kidogo kuliko punje ya wimbi.
Kikiwapo, hakuna fumbo, hakuna mti:
nyumba ndiyo iliyokwenda.
Kuta za udongo zimelainika, zimepiga magoti,
paa la nyasi limeelea kuelekea ziwani
na mwenyewe kasimama juu ya kichuguu, akihesabu.
Alikuwa ananipa habari.

Ni, ile ile isemayo mimi mbele ya kitenzi,
isemayo mahali nyuma ya nomino,
iitayo wengi: njooni, shikeni, tuokoeni.
Niliikata ipi?

Sisemi nadharia ni upuuzi. Naipenda bado.
Mitungi huingia maji kila siku, viatu huingia mchanga,
na swali la i- na ya- lipo palepale, zuri, halijajibiwa.
Ila tunacho kinyota cha kubandika mbele ya sentensi mbovu
na hatujabuni alama
ya kubandika mbele ya msikilizaji.

Jumamosi nilikwenda Ahero, kwenye kinu cha mpunga,
nikamuulizia.
"Dorsila yupi?" akasema mwenye kinu, pumba nyusi nzima.
"Aliyehamia Kibos, au marehemu?"
"Yule," nikasema, "ambaye nyumba yake iliingia..."
nikakwama hapo, mdomo wazi,
sijui nitie maji au majini.

Alingoja kidogo.
"Dada, hapa zote ziliingia,"
akasema, akawasha mashine.