Fimbo ya Mbali

Saa tano usiku, Tudor. Nimefunga madirisha
kwa sababu ya jenereta ya kinyozi wa chini,
nimejifunika shuka gubigubi, mimi na simu,
nafundisha akisami gizani kama mwizi wa hesabu.
Dakika mbili, isizidi.
Sauti ndefu, kasema Dhahabo, hufika imekatika
au haifiki.

Dhahabo Barisa, namba kumi na tisa kwenye daftari langu,
Mwaata, mama wa watoto watatu,
anasomea ualimu wa chekechea
kule ambako basi haliendi.
Lori la makaa huenda, Jumanne, mvua ikikubali.
Mtandao kwao hauji nyumbani kama mgeni,
huufuata. Hupanda jabali, huinua mkono,
hungoja simu itetemeke kiganjani
kama kifaranga.

Mkuu wa idara alicheka siku ya kwanza:
"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Shekuwe."
Akatia saini fomu ya bando
kama mtu atoaye sadaka kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa pili nilimpelekea swali.
Feri ya Likoni imebeba magari arobaini na manane,
robo yake ni malori. Malori ni mangapi?
Siku nne kimya. Ya tano, sauti yake, na upepo:
"Kumi na mbili, mwalimu. Lakini niambie,
feri ni nini? Niliwapa watoto swali lako
nikaona haya waliponiuliza."

Haya ilikuwa yangu.
Miaka ishirini na sita navuka kivuko kile
nikidhani kila mtu duniani ana ng'ambo.
Nikatafuta maneno: daraja linaloogelea?
Nyumba ya chuma isiyo na chumba?
Akacheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka.
Kisha akanipa swali lake yeye.
Mizinga arobaini na minane, robo imehamwa na nyuki.
Asali tutaitoa mizinga mingapi?

Nikajibu upesi: kumi na miwili.
Nikakosa.
"Thelathini na sita, mwalimu. Nimesema imehamwa,
sikusema imehamiwa."
Irabu moja tu, nami nimelamba mizinga mitupu.

Baadaye, kwa mzaha, nilimpa methali ya mkuu
aieleze kwa mistari mitano.
Karatasi ilishuka na lori, inanuka moshi:

*Ni kweli fimbo ya mbali haiui.
Lakini nyoka ni wangu, yuko hapa kwangu.
Nieleze tu mti mgumu ulivyo.
Kukata nitakata mwenyewe.*

Nane kwa kumi. Mbili nilimkata:
niliomba mistari mitano, kaleta minne.
Usiku ule sikulala vizuri.
Asubuhi nikamrudishia.

Aliniambia pia habari za ndege wa kwao
anayewaita watu kwenye asali.
Huita, hutangulia mti mmoja, hungoja.
Ukikawia, hurudi kukuita.
Nawe umjibu kwa mluzi, ajue bado uko nyuma.

Wiki iliyopita, nyuma ya sauti yake, nilisikia nyingine,
watoto, sijui wangapi,
wanarudia akisami zangu:
nusu, robo, thumuni,
halafu neno la Kiwaata nisilolijua.
Nikauliza. Alinitamkia mara tatu
na ulimi wangu ukateleza mara tatu.
"Utalipata," akasema. "Rudia tu,"
kwa sauti ileile ninayowaambia wao.

Sasa somo la ishirini na mbili limeondoka.
Tiki moja ya kijivu.
Pengine jabali limelowa. Pengine mtoto ana homa.
Pengine lori halikwenda, na chaji imeisha.
Kinyozi kazima jenereta. Nafungua dirisha,
joto la Tudor linaingia bila hodi.
Nabonyeza tena kitufe. Sina somo.
Napiga mluzi mmoja, mfupi,
natuma.