Wazi

Nimechora jedwali moja litakalotumiwa na wengi:
watu wa kahawa, watu wa maji, zahanati ya kule Njoro.
Ghorofa ya tatu, Moshi mjini,
dirisha letu liko upande usio na mlima;
tunaona paa la gereji na ovaroli zilizoanikwa.

Kichwa kinabaki juu hata ukishuka hadi mwisho.
Majina kushoto, namba kulia,
nukta chini ya nukta kama vifungo vya shati la shule.
Nikalijaribu kwa Mtu A, Mtu B, Mtu C.
Mtu C hakuwahi kunisumbua.

Kisha yakaja majina ya kweli kutoka Uru.
Ndeanasia Aikaruwa Shirima
akakatwa penye Aika,
nukta tatu zikakaa mahali pa ukoo wake.
Penieli akasema, punguza herufi.
Nikapanua safu, nikaharibu ya maji.
Nikatengeneza ya maji, zahanati ikavurugika.
Ndivyo kilivyo kitu cha wote:
ukimvutia shuka huyu,
vidole vya yule viko nje.

Alhamisi nikapanda Uru kumwona karani.
Elinsia hana skrini. Ana daftari
na rula ya mbao iliyomeguka ncha,
kwa hiyo kila mstari, kila ukurasa, tangu mwaka juzi,
unapinda mahali palepale.

Nikauliza: hapa pasipoandikwa kitu, ni sifuri?
Akafunika kalamu kwanza.
"Sifuri ni aliyeleta, ikakataliwa yote.
Kistari ni ambaye hajaja, ila atakuja.
Hapa pawazi ni Mateshi.
Alifariki Machi. Watoto hawajakubaliana
aandikwe nani."

Na mimi, kule mjini,
wote watatu nilikuwa nimewapa sifuri.

Nilishuka na mkungu wa ndizi nilioshindwa kuukataa.
Usiku nikafungua faili.
Sifuri nikaipa wino mweusi. Kistari, kijivu.
Penye wazi nilikaa sana,
chai ikapata utando.
Penieli: "Watadhani ni hitilafu."
Wadhani. Wakiuliza, yupo wa kuwajibu.
Na jina refu sasa linateremka mstari wa pili,
halikatwi tena, hata kama linaharibu urembo
niliokuwa nikijivunia.

Wiki iliyopita, dirisha la dawa, Njoro,
kikohozi changu kikiwa na siku tisa,
skrini ilikuwa imegeuzwa kidogo upande wangu.
Nikalijua kabla sijasoma:
kichwa kile, nafasi ile kati ya mistari,
namba zimejipanga kulia kwa adabu.
Mfamasia hakuwa na habari nami,
na kwa nini awe nayo?
Akashuka kwa kidole hadi jina langu,
akavuka kwenda safu ya malipo,
akasimama.

Kistari.
Hajaja, ila atakuja.

Nikatoa pochi.