Kijiko cha Sita

Lifti ya jengo hili haipandi bila sarafu.
Nilitia, ikala, ikanyamaza;
nikapanda ghorofa nne kwa miguu,
mkoba wa vyuma ukinigonga goti
kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Ni sauti moja tu," akasema Bi Eteri Kobalia,
"ya katikati, pale kila wimbo unapopitia.
Tangu Jumanne ukiigusa inakohoa."
Kisha akaondoa juu ya piano
picha tatu, saa, na paka.

Nikaifungua kifua.
Vumbi la Kutaisi, la miaka na miaka.
Nyundo themanini na tano zimesimama foleni,
vichwa vya sufu vimechanjwa na nyaya,
na moja shingo upande,
kama asinziaye katikati ya ibada.

Nikashusha tochi kwenye reli ya shaba.
Kila nyundo ina kijino chake pale;
cha arobaini na tatu hakipo.
Shaba ya zamani ndivyo ilivyo: nje yang'aa,
ndani imeshakuwa biskuti.
Kaza skrubu nusu mzunguko wa ziada, tak!
Hilo nimeliona mara nyingi.

Nisichowahi kuona ni kiraka kile:
kipande bapa, kimekatwa kwa msumeno,
kimetobolewa kwa msumari, kimekunjwa,
kimefungwa kwa waya wa umeme ambao sasa umelegea.
Kazi mbovu, ya mtu mvumilivu.
Nikakitoa kwa koleo, nikakigeuza mwangani:
kishada cha zabibu, na nusu ya herufi.

"Hebu," akasema.
Akaenda kabatini, akarudi na kisanduku
chenye kitambaa cha buluu ndani:
vijiko vitano vya chai,
na kitanda kimoja kitupu.

"Vazha."
Sikujua kama anamwita au anamlaani.
"Mume wangu. Aliapa hajakiona.
Nami nikamwambia wifi yangu Lamzira,
mbele ya wageni, mkate wa jibini ungali moto mezani,
afungue mkoba wake.
Akaufungua.
Mlikuwa na leso, na tiketi ya basi la Rustavi.
Hakuzipanda tena ngazi hizi."

Fundi halipwi kwa kusema.
Nikakata shaba mpya, nikaipiga tupa, nikapima,
nikapima tena, maana kipimo cha kwanza ni mwongo.
Pini ndani ya sufu nyekundu.
Skrubu, nusu mzunguko pungufu.
Nikagusa. Sauti ikatoka safi, changa mno
kati ya majirani waliochakaa.

Nilipompa kile kipande, hakukitia kisandukuni.
Nilimwacha kwenye kiti cha piano,
kipande kiganjani, mkonga wa simu sikioni,
akimwuliza mtu, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani,
kama makaburi ya Rustavi hufunguliwa Jumapili.

Nje, lifti ilikuwa imefika,
mlango wazi, taa inawaka,
haina mtu.