Uzi wa Kilo Arobaini

Thairu alinilipa kwa gari.
Sare mia mbili na kumi za wahudumu wa hoteli yake,
kola ngumu, mshono maradufu, vifungo vya shaba,
kisha hoteli ikafungwa kabla rangi ya ukuta haijakauka,
naye akaniletea ufunguo ndani ya bahasha.

Gari la Kijerumani, jekundu, la mashindano,
limelala chini kama mende.
Injini ilinguruma.
Magurudumu yalisikia, hayakutii.

Fundi Ondigo wa Viwandani alifungua boneti,
akainama, akajikuna.
"Mama Muhonja, giaboksi iko wapi?"
Iko nyuma, nikamwambia, imekalia ekseli.
Akacheka sana, kisha akanitajia bei,
na kicheko kikawa changu.

Miaka ishirini na sita
mguu wangu umekanyaga klachi chini ya meza ya cherehani.
Naijua harufu ya kitu kinachojaribu kushika
na hakishiki.

Basi nikaliinua uani, Kiamunyi,
juu ya stendi nne alizochomelea Lagat usiku kwa deni
(kila mtu mjini hapa anamdai mwenziwe kitu),
nikatandika gunia, nikaingia uvunguni
na tochi mdomoni.

Ekzosi kwanza. Kutu ikanidondokea machoni.
Kisha ekseli mbili, boliti kwa boliti,
nikizipanga katika sinia la chai
jinsi zilivyotoka, kama vipande vya koti.
Kisha giaboksi yenyewe, mimi na binti yangu,
tukiishusha taratibu juu ya jeki
huku kuku wa jirani wakitukagua.

Katikati ya gari kuna bomba refu,
na ndani ya bomba shafti nyembamba
izungukayo kwa kasi ile ile ya injini
kutoka mbele hadi nyuma, haina pa kupumzikia.
Mwili gani huu, nikawaza,
moyo huku, magoti kule,
na katikati pote ni kusubiri habari.

Boliti ya juu haionekani.
Hata kwa kioo haionekani.
Niliitafuta kwa ncha za vidole
kama pini iliyopotelea kwenye sufu.
Jumamosi nzima. Boliti moja.
Nilitukana kwa Kimaragoli, Muhonja akajifanya hasikii.

Na diski, hatimaye, ikatoka.
Kitovu chake kilikuwa mpira.
Mpira, kati ya chuma na chuma!
Aliyeibuni alitaka gari liondoke kwa adabu.
Adabu hiyo ilikuwa imekauka,
ikamomonyoka kiganjani mwangu
kama ukoko wa ugali uliolala.

Mpya ilifika kwa basi kutoka Nairobi,
ya springi, imefungwa kwa gazeti la juzi.
Ili ikae katikati nilichonga mpini wa ufagio,
nikauzungushia utepe, tabaka kwa tabaka,
hadi ukatulia tunduni bila kucheza.
Jicho la fundi cherehani halihitaji rula kwa kila jambo.

Kisha kutia uzi.
Uzi wa chuma, wa kilo arobaini na zaidi,
meno ya shafti yaingie kwenye meno ya diski,
mimi chini nikielekeza, Muhonja nyuma akisukuma.
"Imeingia?" Bado.
"Sasa je?" Bado.
Uzi mkaidi huramba mate. Nikaupaka grisi.
Mara ya tisa au ya kumi
nikasikia tk, sauti ndogo mno,
na mzigo wote ukawa mwepesi mikononi.
Hatukushangilia. Tulikuwa tumechoka, tena mvua ilikuwa inakuja.

Jumanne nilikanyaga, nikaachia polepole,
gia ya kwanza, ya pili, barabara ya Njoro,
ya tatu palipo na mashamba ya ngano,
na gari likanishika mgongoni kama mkono wa mtu anayenijua.

Muhonja aliketi kando yangu, kimya,
akigeuza kitu kiganjani.
"Mama," akasema tulipofika Egerton,
"hii boliti ilikuwa kwenye sinia."