Kifungo

Walinilipa zloti mia nne kwa siku
niwafundishe kufungwa.
Gereza lao lilikuwa la mbao na rangi,
ndani ya kiwanda cha nguo kilichokufa mjini Łódź;
ukigonga ukuta unaitika kama sanduku la machungwa.

Dobrawa, mwongozaji, akaniuliza:
"Bwana Ziemowit, tumekosea wapi?"
Mmezidisha kiza, nikasema.
Kwetu taa ilikuwa nyeupe na haikuzimwa,
na kilichotumaliza si kisu,
ni kijiko cha jirani kikikwangua bakuli
kila adhuhuri, miaka tisa.
Akacheka, akaandika "kijiko" daftarini.
Kesho yake wakaleta kisu.

Tymon, nyota wao, alikuwa na michoro ya wino kifuani
inayotoka kwa sabuni.
Nikamfundisha mwendo: hatua sita, geuka,
hatua sita, geuka,
na dirisha usilitazame, atazamaye dirisha ni mgeni.
Alishika upesi. Alilia vizuri kuliko mimi.
Jioni akakivua kifungo kama koti,
akakitundika, akaenda kula bata wa kuoka.

Siku ya onyesho la kuachiliwa
mvua ililetwa na gari la zimamoto.
Lango likanguruma. Mwanamke wa koti jekundu
akakimbia mara saba, mpaka akakimbia sawasawa.
Nilinyamaza; nilishapokea bahasha ya wiki.
Mimi nilitoka Jumanne, jua la kawaida,
na mfuko wa plastiki: wembe, barua mbili,
ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa.
Nikafika duka la mikate, nikasimama mbele ya mlango
nikingoja mtu aufungue.
Ulikuwa wa kusukuma tu.
Watu wakanipita, wengine wakaniomba radhi.
Haya hayafai kwa tamthilia:
yanachukua dakika kumi na moja na hakuna anayekufa.

Sasa kila Alhamisi, saa mbili usiku,
mji mzima unafungwa pamoja na Tymon.
Kinyozi wangu, anayeniita "yule" nikishaondoka,
ametundika picha yake juu ya kioo.

Jana, foleni ya duka la dawa,
mbele yangu Bi Eulalia Pyrek.
Nilimjua kwa sikio la kushoto,
lile nililoliziba mimi kwa kitako cha bastola
usiku ule katika duka lake la vifungo.
Ndiyo, vifungo: vya pembe, vya shaba, vya lulu bandia,
vikamwagika sakafuni kama mvua ya mawe,
nami nikatoka na zloti mia mbili na sitini
na kifungo changu kikinifuata nyuma.

Alikuwa akimwambia mfamasia:
"Miaka tisa, kwa mtoto mzuri vile! Wangemwachia."
Sijui shetani gani alinifungua kinywa.
"Na yule mwenye duka aliyepigwa, bibi?"
Akanigeuzia sikio zima.
"Yule? Anaonekana mara moja, mwanzoni.
Anaanguka. Basi."
Akanikazia macho. "Sauti yako nimeisikia mahali."
"Labda kwenye tamthilia," nikasema,
na uongo ule haukuwa uongo mtupu,
ndiyo maana ulinichoma.

Dawa zake zikaja. Hakuondoka.
Alitazama koti langu, pale katikati
uzi uliponing'inia bila kitu,
akapekua mkoba, foleni ikiguna,
akanitia kiganjani kimoja cha kahawia, chenye matundu manne.
"Hakifanani na vingine," akasema. "Lakini kitashika."

Kipo mezani, na sindano ipo.
Ni Alhamisi. Ng'ambo ya ukuta
jirani amewasha runinga,
na mimi bado nalitafuta tundu la sindano.